Vipande vilivyoshotiwa kwenye ETF yangu vimepita asilimia 100 ya vipande vyote. Niuze au nikae?

Msomaji_Hisa
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, maana nimekosa usingizi siku mbili.

Nina miaka mitatu nanunua vipande vya ETF moja ya Marekani, yaani mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa, nayo inashika hisa za sekta moja tu. Naweka kidogo kidogo, sigusi. Juzi usiku nikafungua takwimu za mfuko kwenye simu, nikateremka hadi chini kabisa, nikakuta mstari ambao sikuwahi kuutazama: vipande vilivyokopwa na kuuzwa kwa matumaini ya kuvinunua tena bei ikishuka na kuvirudisha, yaani shoti, ni asilimia 120 ya vipande vyote vilivyopo. Nikajua nimesoma vibaya. Nikafungua ukurasa mwingine, namba ni ileile.

Rafiki mmoja ananiambia nitoke haraka, kuna watu wameshika vipande hewa na mfuko ukianguka tutabaki mikono mitupu. Mwingine anasema niongeze, walioshoti watabanwa, yaani watalazimika kununua tena kwa bei yoyote, na bei itapaa kama hisa ya GameStop Januari 2021. Wote wawili wanaongea kwa uhakika kabisa. Hii ni ada ya chuo ya binti yangu, anaanza mwakani. Nimsikilize nani?

Chati_na_Chai
Pole sana mkuu. Kwanza usibonyeze kitu leo.

Kupita asilimia 100 ni hesabu tu, nikuonyeshe. Mfuko una vipande milioni 10, tuseme vyote ni vyangu. Dalali wangu anamkopesha mtu milioni 6, huyo anakuuzia wewe. Kwenye taarifa yangu bado nasomeka nina milioni 10, wewe unasomeka una milioni 6. Dalali wako naye anazikopesha hizo 6 kwa mtu mwingine, naye anaziuza kwa mnunuzi wa tatu. Shoti sasa ni milioni 12 juu ya vipande milioni 10. Ndiyo hiyo asilimia 120 yako. Hakuna aliyechapisha kipande, ni kipande kilekile kimekopwa mara mbili.

Sasa shika hapa, maana ndipo rafiki yako wa kwanza anapokosea: zile milioni 12 za ziada mfuko haudaiwi. Wanadaiwa walioshoti, na wameweka dhamana. Gawio likitoka, aliyeshoti analilipa yeye kwa aliyemkopesha. Ndani ya mfuko hisa zinabaki palepale, na zinatosha vipande milioni 10 kama ilivyokuwa.

Dawati_la_Malipo
Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye malipo ya biashara za ETF, nikiwa upande wa watengeneza soko, yaani kampuni zinazokuwa tayari muda wote kununua na kuuza vipande. Naomba nieleze sehemu ya shoti ambayo watu wa nje hawaioni, kwa sababu kwenye ETF sehemu hiyo huwa kubwa.

Vipande vya ETF havina idadi ya kudumu kama hisa za kampuni. Kuna taasisi zilizoidhinishwa kupeleka kapu la hisa kwenye mfuko na kupewa vipande vipya, au kurudisha vipande na kupewa hisa. Ila hawatengenezewi kimoja kimoja. Inakuwa kwa mafungu, na mifuko mingi ina fungu la vipande 25,000 au 50,000.

Sasa chukua mchana mmoja. Mteja anataka vipande 30,000, fungu ni 50,000, na mtengeneza soko hana hata kimoja. Anamuuzia mteja palepale, kisha ananunua hisa za kapu lenyewe ili bei ikipanda asiumie. Kwenye vitabu ameshoti 30,000, lakini hajatabiri chochote kuhusu bei. Anasubiri tu wateja wengine wa 20,000 ili fungu litimie. Kwa kanuni za Marekani, muuza shoti wa kawaida akishindwa kukabidhi siku ya malipo, dalali wake lazima alifunge deni kabla soko halijafunguliwa siku ya malipo inayofuata. Mtengeneza soko wa kweli anaruhusiwa hadi asubuhi ya siku ya tatu. Siku hizo zinamfaa sana, na ndiyo sababu namba za ETF huonekana za kutisha.

Kuna kundi jingine, la wanaojikinga. Mtu anaipenda kampuni moja ndani ya sekta lakini anaiogopa sekta yenyewe. Ananunua hisa ya kampuni, anashoti ETF. Huyo naye haombei mfuko wako mabaya.

Msomaji_Hisa
Asante sana dada, hapo pa mafungu sikuwahi kupasikia. Kwa hiyo wa kubanwa ndio hakuna? Mbona GameStop ilipaa?

Dawati_la_Malipo
GameStop ni kampuni. Idadi ya hisa zake ilikuwa ileile, zilizoshotiwa zilikuwa zaidi ya zilizokuwepo, na wanunuzi walipong'ang'ania, walioshoti hawakuwa na pa kuzipata ila kwa bei ya juu. Kwenye ETF, bei ya kipande ikipanda sana juu ya thamani ya hisa zilizomo, taasisi zinanunua kapu, zinatengeneza vipande vipya, zinaviuza. Bei inarudi. Ili walioshoti wabanwe kweli, hisa zilizomo ndani zenyewe ndizo zipande.

Na siku zilezile kulikuwa na somo la ETF. GameStop ilikuwa ndani ya XRT, mfuko wa hisa za wauzaji wa rejareja. Mfuko ule huzipa hisa zake uzito unaokaribiana kila robo mwaka, lakini GameStop ilivyopaa ikawa sehemu kubwa ya kapu ndani ya siku chache. Taasisi zikarudisha vipande kwa wingi ili zipate hisa za GameStop zilizomo. Vipande vilivyopo vikapungua ghafla. Sasa fikiria: ukigawanya shoti kwa idadi iliyopungua, asilimia inaruka hata kama hakuna aliyeongeza shoti hata moja. Kwa hiyo kaka, usiishie kwenye asilimia. Tafuta vipande vilivyopo mwezi huu na mwezi uliopita.

Upepo_wa_Kusi
Nakubaliana na dada kwa mengi, ila naomba tusimtulize mwenzetu kupita kiasi. Kuna wakati shoti kwenye ETF ni dau la kweli. ARKK, ETF ya hisa za kampuni za teknolojia mpya, ilishotiwa sana mwaka 2021 na watu walioamini kabisa kwamba hisa zilizomo zimepandishwa mno. Novemba mwaka huo ikazinduliwa hata ETF nyingine, SARK, kazi yake ikiwa kwenda kinyume nayo. Mwaka 2022 ARKK ikapoteza karibu theluthi mbili ya bei. Mimi nilikuwa ndani. Niliiona shoti inaongezeka nikajiambia ni watengeneza soko tu, na nililipia.

Dawati_la_Malipo
Pole ndugu yangu, na una haki. Kinachosaidia kutofautisha ni ada ya kukopa vipande. Shoti ikiwa kubwa na ada ni ndogo, mara nyingi ni kazi za kawaida za soko na kujikinga. Ada ikipanda wiki hadi wiki pamoja na shoti, kuna wanaokubali kulipa ghali ili wawe upande ule, na hapo inafaa ujue kwa nini.

Jambo jingine, angalia tarehe. FINRA, taasisi inayosimamia madalali Marekani, hukusanya takwimu hizi mara mbili kwa mwezi, katikati na mwisho, na hutoka siku kadhaa za kazi baadaye. Ulichokiona juzi ni picha ya zamani. Na usiichanganye na ile ya kila siku inayoonyesha mauzo ya shoti. Ile inahesabu hata kilichouzwa saa nne na kununuliwa tena saa tano. Nimeona watu wengi wakiisoma kama deni.

Chati_na_Chai
Mkuu, mimi kilichonishtua kwenye uzi wako ni "anaanza mwakani". Kwa hela inayohitajika ndani ya mwaka, sekta moja tu inanitia hofu kuliko shoti yoyote.

Msomaji_Hisa
Wakuu, nimerudi. Nimeangalia. Takwimu ni za mwisho wa mwezi uliopita. Vipande vilivyopo vimepungua karibu theluthi ndani ya miezi miwili, wakati idadi ya shoti imeongezeka kidogo sana. Nimempigia dalali nikauliza ada ya kukopa, ameniambia iko chini na haijasogea.

Kwa hiyo siuzi kwa sababu ya ile asilimia, wala siongezi. Ila Chati umenigusa. Nimekaa na binti tukapiga hesabu ya ada ya mwaka wa kwanza na malazi. Kesho soko likifunguka nauza vipande vya kiasi hicho, hela naweka kwenye hati fungani za muda mfupi. Vilivyobaki vya mwaka wa pili na kuendelea bado sijaamua. Mwenye ETF pana ya kunishauri anitajie, ila nitaanza kusoma mstari wa chini kabisa kabla sijanunua.