Bundi kwenye jiwe la kaburi: faraja au uchuro?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuumizana. Tulipofiwa na mama, dada yangu alitaka sura ya bundi ichongwe kwenye jiwe la kaburi. Wiki zile za mwisho bundi alikuwa akilia nje ya dirisha kila usiku, na mama alikuwa akituambia tunyamaze amsikilize. Ndugu wengine wakakataa katakata: bundi ni uchuro, ndege wa mauti.

Mimi nasimama na dada. Tulimsikia kwa sababu tulikuwa tunakesha na mgonjwa. Enzi za uzima tulikuwa usingizini, naye analia vilevile. Nani amewahi kuhesabu usiku ambao bundi alilia na asife mtu? Tena manyoya ya mbele ya bawa lake yana vijino kama vya kitana vinavyoupasua upepo, hivyo hupita bila mvumo. Kiumbe anayekatiza gizani namna hiyo ni rahisi kumdhania mzimu. Waazteki wa Meksiko ya kale walimhusisha na Mictlantecuhtli, mungu wao wa wafu. Lakini Waainu wa kaskazini mwa Japani walimheshimu bundi mla samaki kama mlinzi wa kijiji, na Waathene wa Ugiriki ya kale walitia sura ya bundi kwenye sarafu zao za fedha.

Mchangiaji:
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Hoja ya kukesha imenigusa, ila inamjibu anayebishana, haimjibu anayelia. Kaburi si la watoto peke yao. Shangazi akija kuzuru, akakutana na macho yale ya bundi, moyo ukamlipuka, sarafu za Waathene zitamsaidia nini?

Mleta mada:
Hapo umenishika. Shangazi ndiye hasa aliyeangua kilio neno bundi lilipotajwa, nami nikaanza kumweleza habari za manyoya badala ya kumshika mkono. Linaniuma mpaka leo. Jiwe limewekwa lina jina na tarehe tu, na nimeridhia. Nisichokubali ni wale wanaotaka bundi yule apigwe mawe kila akirudi kwenye mti wa dirishani. Dada bado hutoka nje kumsikiliza, kwa kujificha, kama anayefanya kosa. Naomba mnijibu: anayefarijika na sauti ile, afiche faraja yake mpaka lini?