Mjadala: Dawa za asili za tumbo, zipimwe kwanza au tuendelee kunywa tu?

Wakuu, kuna ubishi ulianza kijiweni kwetu juzi, naona niulete huku maana umenikaa kichwani. Jamaa anauza dawa ya mitishamba kwenye chupa za maji za nusu lita, eti inatibu taifodi, amiba na vidonda vya tumbo. Tukamuuliza imepimwa wapi, akasema mababu walikunywa na wakapona, mwingine akadakia imeshathibitishwa, majani hayo yameua bakteria maabara kabisa, basi watu kimyaa kama vile kesi imeisha.

Haijaisha. Mimi nimefanya kazi maabara na hilo la kuua bakteria nimeliona kwa macho. Unapaka bakteria kwenye kisahani chenye kitu kama jeli, unaweka kikaratasi cha duara kilicholoweshwa dawa, unafungia kwenye joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake. Asubuhi ukikuta kikaratasi kimezungukwa na duara safi ambalo halijaota kitu, dawa imezuia. Raha ya asubuhi hiyo usiombe! Lakini kile ni kisahani, sio utumbo wa mtu. Hata jiki inatoa duara na hakuna anayemnywesha mtoto jiki.

Halafu maabara mara nyingi majani yanalowekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti, wakati nyumbani mama anachemsha na maji, vinavyotoka humo sio vilevile. Chukua artemisinini, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea, mtafiti Tu Youyou kule China mwaka 1971 alikuwa anapata matokeo yanayoyumba mpaka alipoacha moto mkali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ndipo dawa ikaonekana. Mmea uleule! Tuzo ya Nobel akaja kupewa 2015.

Kwa hiyo sipo na wanaosema mitishamba ni uchafu, wala na wanaosema isipimwe. Ipimwe kama inavyonywewa. Kama ni majani ya mpera yaliyochemshwa, peleka hayohayo, yapimwe nguvu, yapimwe sumu kwa ini na figo, kisha wapewe wagonjwa ambao damu au choo chao kimeoteshwa maabara wakaonekana na bakteria kweli, sio kile kipimo cha damu cha Widal peke yake kinachoweza kumpa taifodi hata mwenye homa nyingine. Inawezekana, Bangladesh mwaka 1987 walitoa matokeo ya berberini, dawa inayotoka kwenye mimea, kwa watu wazima wanaoharisha, waliokuwa na bakteria wa E. koli wakapungua kuharisha, wa kipindupindu haikuwafaa kiasi hicho. Unajua inamfaa nani na haimfai nani, hilo ndilo nalitaka.

Nina uchungu na hili. Shangazi yangu alikunywa chupa kama zile wiki mbili huku homa inapanda, anaambiwa dawa inapambana na ugonjwa, tulipomfikisha hospitali utumbo umeshatoboka. Walimpasua, akapona, ila kovu lake linaanzia juu ya kitovu linashuka mpaka chini na mpaka leo akila maharage anaumwa.

Sheria ya tiba asili hapa Tanzania tunayo tangu 2002, Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapo, wataalamu sio shida. Shida ni hela, maana kampuni haiwezi kumiliki majani ya mpera kwa hiyo haiweki pesa, na mganga naye anaogopa kuibiwa siri yake. Sasa wadau, nani alipie vipimo hivyo, serikali, mganga au mnunuzi? Na mganga akileta mti wake ukafaulu, apate nini?