Binti ami na viza ya ndoa: undugu uwe sababu ya kumnyima mtu mke wake?

Mkalimani wa Columbus

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kutafsiri vyeti na kukalimani kwa Waswahili tulioko hapa Ohio. Juzi nilikaa kwenye simu saa mbili nzima na kijana mmoja Mbarawa, wa familia iliyokimbia vita vya Somalia ikaangukia Mombasa. Yeye alishakuja Marekani, mke kaenda kumwoa hukohuko Mombasa: binti wa ami yake. Kadhi kafungisha, cheti kipo, mahari imeandikwa, picha zipo hadi ile ya bibi yao kasinzia na sahani ya biriani mapajani.

Kikwazo kimetoka kwenye karatasi ya zamani. Zamani hizo, alipohojiwa kama mkimbizi, aliambiwa awataje ndugu zake. Akataja saba, na huyu binti akiwa wa tano, maana wamekulia ua mmoja. Mkalimani wa siku hiyo akaandika "dada" kwa Kiingereza, wakaendelea na swali lingine. Leo ofisa analo faili lile mkononi na anauliza: kijana, umemwoa dada yako?

Nilicheka, halafu nikaona haya.

Naleta mjadala. Nchi kadhaa zinaubana undugu kupitia uhamiaji. Denmark iliweka mwaka 2003 kanuni kwamba wanandoa wakiwa ndugu wa karibu, serikali ichukulie kuna shaka kama wote wawili waliitaka ndoa hiyo, na ombi la kuungana likataliwe isipokuwa kuwe na sababu za pekee. Bunge la Norway lilipitisha katazo la ndoa za mabinamu mwaka 2024. Uingereza mbunge Richard Holden alipeleka muswada kama huo Desemba 2024. Swali langu: kama ndoa ni halali ilikofungwa, nchi ya pili ina haki gani ya kumwambia mtu mke wako abaki huko kwa sababu babu yenu ni mmoja?

Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikaitwa kinyonga: nadhani serikali zinapima kitu kisichohusika. Kinachotakiwa kujulikana ni kama binti alikubali. Undugu haujibu swali hilo.

Mangi wa Marangu

Mimi niko wazi. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni dada yako, kwisha habari. Ukimtamani unaitiwa kikao cha ukoo. Kwa hiyo yule ofisa hakukosea, amesema kitu ambacho babu yangu angekisema bila kuona faili. Halafu tusifichane: watu wanaoana ndugu ili kuvutana Ulaya. Viza inakuwa ndiyo mahari.

Binti Kisauni

Mangi, babu yako si babu yangu. Huku kwetu pwani mtoto wa ami anaoleka, na Qur'ani imewataja walioharamishwa katika Suratun Nisaa aya ya 23, mmoja baada ya mwingine, hadi aliyenyonya nawe ziwa moja. Mtoto wa ami hayumo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yenyewe imemweka binamu katika orodha ya wasiooana, kisha ikasema katazo hilo haliwahusu Waislamu. Bara la Tanzania nako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza shangazi, mjomba, mpwa na wengineo, binamu haikumgusa. Kwa hiyo ukimpelekea ofisa cheti cha kadhi umempelekea hati ya serikali, si hadithi ya ukoo.

Tena faida yake wanaijua waliozaliwa ndani yake. Mama mkwe wangu ni shangazi yangu. Kanibeba mgongoni huyu. Mume akinikosea sipandi kwa mwenyekiti wa mtaa, napanda ghorofa ya juu. Wazee walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mangi wa Marangu

Hata lisipokumaliza, limekula.

Mwanamke wa Leicester

Mimi huwa nasoma tu, sichangii. Leo nitasema kwa sababu hakuna hapa aliyekuwa yeye ndiye viza.

Nina asili ya Unguja, nimezaliwa Uingereza. Nilipokuwa na miaka 22 tulikwenda nyumbani likizo, na mwisho wa likizo nilikuwa nimeolewa na mtoto wa ami yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisema ndiyo mbele ya kadhi kwa sauti yangu. Lakini kabla ya ndiyo hiyo kulikuwa na wiki tatu ambazo ami alikuwa akija kila baada ya Isha, anakaa kwenye kiti kilekile cha ukindu, hasemi lolote juu ya ndoa, anakunywa kahawa, anasema "marehemu babu yako alitamani sana". Kisha mama ananiangalia. Sasa niambieni, mtu wa uhamiaji angeuliza swali gani ili alione hilo?

Niliporudi ilikuwa ile sheria ya 2012: ili umlete mume lazima uwe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Nilifagia ofisi alfajiri, mchana nikauza viatu, nikakusanya hati za mishahara za miezi sita moja moja kwenye bahasha ya kaki. Nyumbani wanapiga simu: bado tu? Mwenzako wa Northampton kashamleta wake. Na hapo ndipo undugu ulipouma. Ningekuwa nimeolewa na mgeni ningeweza kusema nimeshindwa, basi. Kumshindwa mtoto wa ami ni kuwashindwa watu arobaini.

Alikuja. Si mtu mbaya. Tuliachana baada ya miaka minne, na ami hakunisemesha mpaka alipofariki.

Kwa hiyo Mkalimani, unaposema undugu haujibu swali la ridhaa, nusu nakubali. Undugu ndio uliolitengeneza lile swali lisiulizike.

Abuu Malmö

Pole sana dada. Nami nitaje niliyoyaona upande wa Denmark, maana hiyo kanuni ya 2003 watu wanaitaja kama kwamba ilifanya kazi peke yake. Mwaka mmoja kabla, 2002, walishaweka sharti la wanandoa wote wawili kufikisha miaka 24. Kilichotokea kila mtu hapa Malmö anakijua. Daraja la Øresund, linalounganisha Malmö na Copenhagen, lilifunguliwa mwaka 2000, treni inavuka. Wenye uraia wa Denmark walikata shauri: wakapanga chumba upande wa Sweden, wakaishi na wake zao huku kwa sheria za Umoja wa Ulaya, asubuhi wanavuka kwenda kazini Copenhagen. Jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuwa mmoja wao. Pasaka yao na Idi yetu alikuwa akivuka, kisanduku cha chakula mkononi.

Mke wake hakuwa hata ndugu yake. Alikuwa na miaka 23.

Wanaobanwa ni wasio na hela ya kupanga nyumba upande wa pili.

Msaidizi wa wodi, Bradford

Mbona hakuna anayegusa afya? Mimi nafanya kazi mji ambao mada hii inazungumzwa hadi kwenye foleni ya chipsi. Kuna utafiti mkubwa, Born in Bradford, ulioanza 2007 kufuatilia akina mama na watoto wao. Matokeo yaliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2013, yakihusu zaidi ya watoto 11,000, yalionyesha hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro inapanda kutoka kama asilimia 3 hadi 6 wazazi wakiwa mabinamu wa kwanza. Maana yake mara mbili, na maana yake pia watoto 94 kati ya 100 hawana tatizo hilo. Utafiti huohuo ulikuta mama wa Kizungu aliyevuka miaka 34 naye hatari yake inapanda kwa kiasi kinachokaribiana. Sijasikia mbunge akipeleka muswada wa kuwazuia hao.

Lakini sikilizeni hili linalohusu mada. Waliporudia kuuliza miaka kama kumi baadaye, akina mama wenye asili ya Pakistan waliozaa na ndugu, binamu wa kwanza au wa pili, walikuwa wameshuka kutoka asilimia 62 hadi 46. Miongoni mwa sababu walizozitaja watafiti, pamoja na elimu ya wasichana, ni mabadiliko ya sheria za uhamiaji. Kwa hiyo viza ikibanwa, ndoa za ndugu nazo zinapungua. Msilikatae hilo kwa kuwa halipendezi.

Mkalimani wa Columbus

Silikatai. Ila kuna upande wake wa pili. Mwanaanthropolojia Alison Shaw, aliyekaa na Wapakistani wa Oxford, alieleza kwamba watu walitarajia kizazi kilichozaliwa Uingereza kiache kuoana ndugu, na hakikuacha. Njia za kuhamia kwa kazi zilipofungwa, ndoa ikabaki kuwa mlango, na wa kwanza kuudai mlango huo ni ndugu wa nyumbani. Yule ami wa dada yetu wa Leicester na kiti chake cha ukindu ndiyo hiyo. Kwa hiyo kubana kuliziongeza kwanza, kisha kubana zaidi kukazipunguza. Sasa msichana aliyekuwa katikati ya miaka hiyo tumwambie nini?

Karani wa zamani wa mahakama

Turudi kwa kijana wa Barawa, maana mmeshamwacha barazani. Marekani haina jibu moja. Ofisa anatazama mambo mawili: ndoa ni halali ilikofungwa? Na je, jimbo wanakokwenda kuishi linaikubali? Majimbo karibu nusu hayafungishi ndoa ya mabinamu wa kwanza, Tennessee imejiunga nayo 2024. Lakini kutokufungisha si sawa na kutokutambua. Ohio yenyewe haifungishi, ila Mahakama ya Juu ya Ohio mwaka 1958, kesi ya Mazzolini, iliitambua ndoa ya mabinamu iliyofungwa Massachusetts kihalali. Kijana akibaki Columbus ana pa kushika. Akishawishika kuhamia Houston kwa sababu ya joto, ajue Texas tangu 2005 haikuishia kuibatilisha ndoa hiyo. Imeifanya kuwa jinai mtu kulala na binamu wa kwanza. Mke yuleyule, cheti kilekile, safari ya barabara tu inambadilisha mtu kuwa mhalifu.

Na asidanganye kwa kuogopa. Wanaoomba viza ya mchumba wanajaza fomu I-129F, na pale wanaulizwa waziwazi kama wana undugu na wa namna gani. Mfano uliowekwa kwenye fomu ni binamu wa tatu, au mjomba upande wa mama. Ndiyo, mjomba. Niliusoma mara mbili.

Binti Kisauni

Subhanallah, mjomba! Na sisi ndio tunaoitwa washamba.

Mangi wa Marangu

Hapo kwenye mjomba nasimama na Binti Kisauni, iandikwe tarehe.

Ila swali langu halijajibiwa. Kwa nini ofisa amwamini mtu aliyesema "dada" jana na "mke" leo?

Mkalimani wa Columbus

Kwa sababu hakusema "dada". Alisema "ndugu yangu", neno ambalo kwa Kiswahili linabeba wa tumbo moja, wa ami, wa kijiji na hata mwanachama mwenzako wa chama. Tena chekesho ni kwamba "binamu" lenyewe limetoka kwenye bin ami, mtoto wa ami, na leo ukiwa Dar ukisema binamu watu wanaelewa mtoto wa mjomba au wa shangazi. Wa ami wamemrudisha kuwa kaka. Hata sisi wenyewe hatukubaliani, ofisa atajuaje?

Na hofu yao ina historia. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi baada ya vipimo vya DNA vilivyoanzia Nairobi, ambako familia zilizothibitika undugu wote uliodaiwa zilikuwa chini ya moja kati ya tano. Udanganyifu ulikuwepo, nimeuona kwa macho. Lakini nimeona pia akina mama waliomlea mtoto wa marehemu dada yao tangu ana siku arobaini, wakamwandika "mwanangu", na mashine ikasema hapana.

Dada wa Leicester, lako nimelisoma mara tatu. Nimebadilisha kitu kimoja tu, lakini nimekibadilisha. Nilipanga kumwandalia kijana barua ya kueleza neno "ndugu" na nakala ya sheria ya Kenya, basi. Sasa nimemwambia namtaka binti mwenyewe kwenye simu, peke yake, bila mama wala ami chumbani, kabla sijatafsiri hata mstari. Kijana kanyamaza kidogo, kisha kasema sawa, ila simu ya mke ni ya mama yake.

Mwanamke wa Leicester

Mtumie simu, basi. Nitachangia.