Mahame ya machimbo ya almasi: kutoka Lüderitz hadi Walvis Bay kwa gari

Swali
Salaam, ndugu zangu. Mimi na mdogo wangu tunakusudia kwenda kwa gari kutoka Lüderitz hadi Walvis Bay, nchini Namibia, kwa kufuata jangwa la pwani badala ya barabara kuu, ili tuyaone mahame ya Holsatia na Charlottenfelder. Gari letu linavuta kwa magurudumu yote manne. Je, tunaruhusiwa kwenda peke yetu, na tujihadhari zaidi na nini?

Jibu la kwanza
Ndugu, peke yenu hamruhusiwi. Njia hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Namib-Naukluft, na kila msafara huongozwa na kampuni yenye kibali cha serikali. Huo si urasimu mtupu, kwani katikati hakuna kituo cha mafuta wala maji ya kunywa, na matuta ya mchanga hulifanya gari linywe mafuta kupita mlivyozoea. Punguzeni upepo wa matairi hadi bar 1 au chini kidogo, mbebe pampu ya kuyajaza tena, na msilikate tuta kiubavu, maana gari litapinduka.

Jibu la pili
Mimi naihofia bahari kuliko mchanga. Pale Langewand matuta hushuka moja kwa moja hadi majini, na njia ni ufuko mwembamba unaopitika maji yakiwa yamekupwa tu, hivyo dereva anayekawia hukutwa na maji yakijaa naye hana pa kukimbilia. Kuna pia ukungu wa mkondo baridi wa Benguela, uliokwamisha meli Eduard Bohlen mwaka 1909. Leo meli hiyo imo mchangani, mamia ya mita kutoka ufukweni.

Jibu la tatu
Kuhusu mahame yenyewe, msitarajie mengi: mtakuta mabaki ya majengo na vyuma vilivyoliwa na kutu. Mkitaka nyumba ambazo vyumba vyake vimejaa mchanga, tengeni asubuhi moja kwa ajili ya Kolmanskop, jirani na Lüderitz, mji ulioanza baada ya Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, kuokota almasi mwaka 1908, ukahamwa kabisa mwaka 1956. (Aliyetajirika, bila shaka, ni msimamizi wake, August Stauch.) Kokote mtakakopita msiokote mawe, kwa kuwa kumiliki almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai nchini humo.