Mjadala: Stesheni ya zamani ikigeuzwa hoteli, imetunzwa au imeuzwa kimyakimya?

Mleta mada:

Wadau salama? Hii mada imenikaa kichwani siku nyingi ngoja niitue hapa. Zile stesheni kongwe za treni, zenye saa kubwa ukutani na paa la chuma na vioo, reli ikihamishwa au ikifa kabisa watu hugawanyika mara moja, hawa wanasema bomoa tujenge kitu cha maana, wale wanasema tunza huo ni urithi. Mi nipo na wa kutunza, ila nina ugomvi na wenzangu wa kambi yangu, maana jengo likishapigwa rangi na utepe ukakatwa wao wanaona kazi imeisha, hakuna anayeuliza sasa nani anaruhusiwa kuingia humo.

Stesheni lilikuwa jengo la ajabu jamani. Mwenye nauli ya daraja la kwanza na mwenye furushi kichwani walipita mlango mmoja, ukienda kumsindikiza mtu sawa, kumpokea mtu sawa, kukimbia mvua au kuangalia tu saa ngapi nayo sawa, hakuna aliyekuuliza unatafuta nini hapa. Geuza jengo hilohilo hoteli ya kifahari, weka baunsa mlangoni, halafu niambie umelitunza. Mi naona umetunza matofali, stesheni yenyewe umeizika.

Kubomoa nako tumeshaona kunavyoumiza. Penn Station ya New York ilifunguliwa 1910, mwaka 1963 wakaanza kuivunja, juu yake wakaweka ukumbi wa michezo wa Madison Square Garden na abiria wakabaki kupita chini ya ardhi kama panya. Hasira ya watu ilisaidia kuzaa sheria ya 1965 ya kulinda majengo ya kihistoria ya jiji lile, na sheria hiyo ndo iliyokuja kuiokoa Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya jiji hilohilo. Kampuni ya reli ilitaka kujenga mnara wa ofisi juu yake, jiji likakataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1978 jiji likashinda. Yaani stesheni moja ilikufa ndo nyingine ikapona.

Kwa hiyo siulizi tubomoe au tusibomoe. Nauliza tukishaamua kutunza, masharti ni yapi? Mi nina mawili tu. Ukumbi mkubwa wa abiria ubaki wazi, bure, kwa yeyote. Na njia ya reli inayoingia pale isikatwekatwe viwanja ikauzwa, hata kama haipiti treni leo.

Karibuni, na matusi muache mlangoni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka swali moja dogo tu, pesa zinatoka wapi? Paa la stesheni sio paa la nyumba yako, ni eka nzima ya vioo na chuma ambacho kinadai rangi kila baada ya miaka kadhaa, ukikiacha kinaliwa na kutu mpaka kinaanza kudondokea watu. Bure unayoisema kuna mtu anailipia.

Chukua Detroit, Marekani. Stesheni yao ya Michigan Central ilifunguliwa 1913, treni ya mwisho iliondoka 1988, baada ya hapo jengo likakaa tupu miaka thelathini, watu wakaiba kila kinachobebeka, na mwaka 2009 baraza la jiji likapiga kura libomolewe. Liliokolewa na nini, mapenzi? Ford walilinunua 2018 wakamwaga pesa na Juni 2024 likafunguliwa tena. Kampuni binafsi hiyo mkuu. Ila kuna kitu kilinigusa pale, Ford walipolinunua tu mtu asiyejulikana akapiga simu akaelekeza saa ya stesheni iliyokuwa imepotea miaka na miaka imeachwa wapi waende wakaichukue. Kwa hiyo sikatai watu wanalipenda jengo, nakataa tu kwamba mapenzi yanalipa bili ya rangi.

Mchangiaji wa pili:

Watu hawana pa kulala nyie mnagombania saa ya ukutani 😂 bomoa jenga nyumba za bei nafuu, katikati ya mji pale ardhi ni dhahabu. Picha zipo, tutaangalia picha.

Mchangiaji wa tatu:

@wa pili hizo nyumba za bei nafuu huwa mnazisema siku ya kubomoa tu, kiwanja kikishakuwa wazi linaota jengo la maduka na paking.

Turudi kwenye mada. Mi ni fundi, nimefanya kazi kwenye majengo ya zamani, wacha niwaambie mahali yanapofia kabla hata mwekezaji hajafika. Kwanza mifereji ya paa. Mfereji ukiziba maji yanarudi ndani ya ukuta, hiyo ni taratibu, huoni kitu mpaka plasta inavimba. Na stesheni nyingi za kale nguzo zake za chuma ziko wazi katikati, maji ya mvua ya paa zima yanashukia humohumo ndani ya nguzo, sasa ikiziba nguzo inaoza kutokea ndani huku nje inang'aa rangi mpya.

Pili ni saruji. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa, chokaa inapumua, unyevu ukiingia unatoka. Anakuja mkandarasi wa haraka anapiga saruji juu ili ipendeze siku ya ufunguzi, unyevu unafungiwa ndani na jiwe linaanza kumenyeka kama ngozi. Nimeona ukuta uliodumu miaka mia ukaharibika ndani ya miaka kumi kwa sababu ya ukarabati, sio kwa sababu ya kutelekezwa. Na chuma cha kale cha kumimina kwenye kalibu usikichomelee kama unachomelea geti, kinapasuka.

Kwa hiyo mleta mada kabla ya masharti yako mawili mi naweka la kwangu: paa lizibwe na mifereji isafishwe tangu siku treni ya mwisho inaondoka, wakati nyie bado mnabishana. Gharama ya hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na kuja kufufua maiti.

Mleta mada:

Fundi heshima yako, hilo nalichukua lote.

Mchangiaji wa kwanza, sikatai pesa binafsi, hebu tuangalie St Pancras ya London maana ile inanisaidia mimi na inakusaidia wewe. Paa lake la 1868 la injinia William Barlow lina upana wa kama mita 73 bila nguzo hata moja katikati. Mbele yake hoteli ya mbunifu George Gilbert Scott, ikafunguliwa 1873 ikafungwa 1935, maana vyumba havikuwa na bafu zake na wageni walishazoea raha. Likawa jengo la ofisi, miaka ya 60 wakataka kulivunja, 1967 likawekewa ulinzi wa kisheria wa daraja la juu. Miaka 40 baadaye, 2007, treni za Eurostar za kwenda Ufaransa zikaanza kutumia stesheni ileile, na hoteli ikarudi 2011. Ghorofa ya chini ambayo zamani ilikuwa ghala la mapipa ya bia, nguzo zake zimepangwa kwa vipimo vya pipa kabisa, leo ndo wanapita abiria wa kimataifa. Hoteli ipo, pesa binafsi ipo, na mtu asiye na kitu bado anaingia ukumbini anaangalia saa. Si mmeona inawezekana?

Manchester nayo, stesheni ya Central ilifungwa 1969, ikawa paking ya magari (paking!), 1986 ikawa ukumbi wa maonyesho. Lakini lile daraja refu la reli lililoingia pale halikuvunjwa, na tramu za mji zilipoanza 1992 zikapita juu yake. Nani 1969 angejua? Ndo maana nang'ang'ania njia isiuzwe. Ukumbi ukiuharibu utaukarabati, njia ukishajengea maghorofa hairudi tena.

Orsay ya Paris je? Ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya 1900, kufika 1939 majukwaa yake yalikuwa mafupi kwa treni mpya za umeme za safari ndefu, ikaponea chupuchupu kuvunjwa wajenge hoteli, 1986 ikawa makumbusho. Nzuri sana, na treni za mji bado zinapita chini yake, ila kuingia ukumbini unakata tiketi. Mi naipa alama sabini.

Alama mia nampa Atocha ya Madrid. Treni wakazihamishia jengo jipya pembeni, ukumbi wa zamani 1992 wakaujaza miti ya nchi za joto, unakaa humo hata kama huendi popote. Watu wakazoea mpaka wakawa wanatupa kobe wao wa nyumbani kwenye bwawa la humo, kobe wakajaa kweli, 2018 ikabidi wahamishwe.

Mchangiaji wa kwanza:

Sawa la St Pancras nakupa, ila ile ilikuwa na treni za kimataifa zinazoleta wateja mlangoni. Stesheni ndogo ambako reli imekufa kabisa mwekezaji ukimwambia ukumbi uwe wazi bure saa zote anaondoka, unabaki na fundi wako na mifereji yake. Mi ningesema wazi mchana, usiku afanye sherehe zake atoze pesa.

Mleta mada:

Mchana wazi usiku sherehe naweza kukubali. Iandikwe kwenye mkataba lakini, sio ahadi ya mdomo.

Mchangiaji wa nne:

Nimesoma tu kimya ila andikeni na mabenchi kwenye huo mkataba. Nilienda stesheni moja iliyokarabatiwa, ukumbi uko wazi kweli hakuna baunsa, lakini kila kiti mle ndani ni cha mgahawa. Nimekaa dakika mbili nikaletewa menyu.