Kaka kaacha pombe, akikataa mbege ya wazee ni kiburi?

Binti_Kibosho:
Wakuu naombeni ushauri. Kaka angu katoka soba hausi, hanywi tena namshukuru Mungu, sasa Desemba tunapanda wote Kibosho na huku kwetu baba mkubwa akikupa kata ya mbege ukakataa anaona umemdharau. Pasaka aliambiwa mbele za watu eti tangu utoke kule una maringo, akaumia sana. Kule soba walikuwa wanamfundisha unyenyekevu kila siku, ndo ananiuliza labda unyenyekevu ni kupokea hata funda moja kuwaheshimu wazee? Nimjibuje jamani

MamaKiborloni:
Mwanangu asiguse hilo funda. Kuna Matt Talbot, kibarua wa Dublin, mlevi kweli kweli, 1884 akaweka nadhiri kwa padre asinywe, na hakuanza na nadhiri ya maisha, alianza na miezi 3 tu, akaongeza, ya maisha ikaja baadaye, akafa 1925 hajarudia. Mtakatifu bado hajatangazwa ila yuko njiani. Mtu anayejijua kwamba funda moja halitaishia hapo huyo ndo mnyenyekevu.

Soba_wa_Sanawari:
Kwenye AA, vile vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, hatua ya kwanza ni kukiri pombe imekushinda, ya saba unamwomba Mungu kwa unyenyekevu akuondolee mapungufu. Mimi nimepita humo humo. Asisubiri kata ifike mkononi watu wanamwangalia, aende kwa mzee mapema, wawili tu, na kilo yake ya sukari, amwambie baba mkubwa mimi naumwa pombe naomba unisaidie usinipe. Ni ngumu kuliko kukataa ila mzee ukimwomba msaada ni tofauti na kumkatalia hadharani, wengi wanageuka wao ndo wanakulinda.

Katekista_Moshi:
Naongezea, asisuse ukoo. Mt. Marko Ji Tianxiang alikuwa daktari China, alitumia kasumba (afyuni, dawa ya kulevya) kutibu tumbo ikamnasa hakuiacha mpaka anakufa, muungamishi akamnyima sakramenti miaka kama 30 akiona hajatubu kweli, na bado aliendelea kusali na Wakristo wenzake. Hebu fikiria aibu hiyo. 1900 wakauawa kwa ajili ya imani yeye na familia yake, akaomba auawe wa mwisho ili asife mtu wake yeyote akiwa peke yake. Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu 2000.

Binti_Kibosho:
Nimemsomea yote, ya huyo Marko kaniomba nirudie. Kasema atamfuata baba mkubwa tukifika tu kabla wageni hawajaja, ila niende naye. Kuna anayejua kama mikutano ya AA ipo Moshi mjini? Arusha kila wiki nauli hataiweza