Fundi wa magari wa kutumia laptop kanizimia indiketa za nyuma, sasa anataka nimlipe ndiyo azirudishe!

Wakuu, habari za mchana. Leo nina hasira, nikikosa adabu kidogo mnivumilie.

Nina Golf 7 ya 2014, ya Japani, taa za nyuma za balbu za kawaida na indiketa ya njano. Niliipeleka kwa jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa magari ya Kijerumani (gereji siitaji, mods wasije wakafunga uzi). Shida yangu ilikuwa moja tu: ukigusa kijiti cha indiketa mara moja inapiga mara tatu, nikataka ipige mara tano. Wenye VW mnajua hicho ni kitu kidogo. Unaingia na VCDS au OBDeleven (vifaa vya kuingilia kompyuta za gari), moduli ya 09 (kompyuta inayosimamia taa), unatafuta mstari wa Komfortblinken (idadi ya mapigo kwa mguso mmoja), unatoa 3 unaweka 5, kwisha habari.

Akafanya. Halafu kwa kiherehere chake akaona anipe na zawadi: indiketa za nyuma "za Kimarekani". Yaani kaizima balbu ya njano, kazi ya kupepesa kaipa taa nyekundu ya breki. Hakuuliza! Nimeshalipa ndipo ananiambia, "Bosi, na hii nimekuwekea bure, mjini utakuwa peke yako." Nikamwambia sijaipenda, rudisha. Akasema leo foleni kubwa, niende Jumatatu.

Kesho yake niko Old Bagamoyo, nimesimama katikati ya barabara nasubiri magari ya mbele yapite nikate kulia. Mguu uko kwenye breki, mshale wa kijani unapepesa kwenye dashibodi, tik tik kama siku zote. Nimeanza tu kuingia, bodaboda huyu hapa ubavuni kulia. Saiti mira ikaenda. Mungu mkubwa, yeye na abiria wake hawakuanguka. Nikashuka na maneno yangu mdomoni, kijana akaniwahi: "Mzee, mbona hukuwasha indiketa?" Nikabisha. Yeye na yule mama aliyembeba wakasimama nyuma ya gari, mimi nikarudi kwenye usukani. Breki nimeachia, wanasema inapepesa. Nakanyaga breki, mama anapaza sauti, "Sasa hakuna kitu, zimewaka zote mbili zimetulia!"

Nilinyamaza. Ningemwambia nini yule kijana?

Nilipofika nyumbani nikamwita jirani mwenye VCDS tuangalie alichofanya huyu mtaalamu. Kwenye hizi Golf, kila taa ina orodha yake ya kazi ndani ya moduli ya 09, zimeandikwa kwa Kijerumani Lichtfunktion (kazi ya taa) A mpaka H. Indiketa ikitumia taa ambayo tayari ina kazi nyingine, inahitaji mistari miwili: Hellphase inayoiwasha, na Dunkelphase inayoilazimisha izime kati ya pigo na pigo. Jamaa kaweka Hellphase peke yake. Kwa hiyo ukikanyaga breki, breki inasema waka, indiketa inasema waka, na hakuna wa kusema zima. Na anayesubiri kukata kulia, wakuu, si ndiye aliyekanyaga breki? Yaani indiketa yangu ilikuwa inafanya kazi wakati wote isipokuwa ule unaohitajika.

Kingine ndicho kilichonipandisha presha zaidi. Ile balbu ya njano kaiwekea Lasttyp (mstari unaoliambia gari ni taa ya aina gani) ya taa isiyokuwepo, ili gari lisiilalamikie. Ndiyo maana dashibodi ilikaa kimya kabisa. Hapo huwezi kuniambia ni bahati mbaya. Huyu mtu alijua namna ya kuficha ila hakujua namna ya kutengeneza.

Na kabla mtu hajaja hapa na "lakini Marekani zinaruhusiwa", najua. Sheria yao, FMVSS 108, inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu au ya njano. Ila gari la Marekani linalotumia taa moja kwa breki na indiketa, ukiwasha indiketa huku umekanyaga breki, taa ya upande ule inapepesa. Inawaka, inazima. Haikai imetoa macho! Na hao hao Wamarekani, mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilitoa utafiti mwaka 2009 ukaonyesha kwamba indiketa ya njano inapunguza kugongwa kwa nyuma kwa takriban asilimia 5.3 gari linapokata kona, kubadili njia na mambo kama hayo. Ulaya na Japani ni njano tu. Gari limekuja nalo, wewe unalitoa ili iweje?

Haya, nikampigia. Unajua kasema nini? Kurudisha ni laki moja na ishirini, kwa sababu eti "kutafuta setingi ya zamani ni kazi". Kutafuta wapi? Si uliiona kwenye laptop yako kabla hujaifuta? VCDS inakuruhusu kuhifadhi skani nzima na mistari yote ya moduli kabla hujagusa chochote, ni suala la kusubiri dakika chache. Hakuhifadhi. Namba ya kufungulia moduli, 31347, imezagaa mtandaoni, kila mwenye kebo anaingia. Kuingia wanajua wote. Saiti mira nayo kasema hiyo "ni ya barabarani, hainihusu".

Simlipi hata mia. Gari nimelipaki.

Ninachoomba: mwenye Golf 7 ya Japani ya 2013 au 2014, taa za nyuma za balbu, si za LED, ambayo haijawahi kuguswa na mafundi wa aina hii, anitumie PM picha za mistari yote ya Leuchte (taa) za nyuma kwenye moduli 09, kushoto na kulia, pamoja na Lasttyp na Dimmwert (kiwango cha mwanga). Jirani atailinganisha na yangu mstari kwa mstari. Na kama gari lako limewahi kupita kwa fundi wa "za Kimarekani", leo hii simamisha mtu nyuma, kanyaga breki, washa indiketa, umuulize anaona nini.